Chumvi ya haluli kwa matumizi ya kila wiki: ya duka la dawa, ya kupima, vipande vya kloridi au vidonge?

Fundi wa Makorora

Salaam aleikum wana Tanga. Nahitaji mawazo yenu kabla sijatoa hela tena.

Mimi ni fundi cherehani. Kutwa mguu uko kwenye pedeli, na ikifika usiku nyayo zinawaka. Tangu mwaka jana naloweka miguu mara tatu kwa wiki kwa chumvi ya haluli, hii ambayo vijana wanaiita chumvi ya Epsom. Mama yangu, miaka 68, alipoona inanituliza akaanza naye. Nusu kikombe kwa beseni, watu wawili: kilo haifiki siku kumi.

Nilianza na pakiti ya duka la dawa. Imefungwa vizuri, imeandikwa BP, ina tarehe ya mwisho. Tatizo ni bei, maana hela ya pakiti moja inaninunulia kilo nne za ile ya kupima kwenye duka la pembejeo. Kwa hiyo nikahamia ya kupima, inayofungwa kwenye nailoni tupu. Rafiki yangu wa Dar ananisifia vipande vya magnesiamu kloridi, na dada yangu anasema niache kuloweka ninunue vidonge vya magnesiamu.

Juzi nikafanya hivi. Nilichukua glasi mbili za maji ya moto, kijiko kimoja kila glasi. Ya duka la dawa iliyeyuka yote, maji yakabaki maangavu kama hayajaguswa. Ya kupima ikaacha ukungu, na chini zikatulia chembe za kahawia pamoja na punje mbili za mviringo zisizofanana kabisa na chumvi. Nikainusa nailoni yenyewe: mbolea. Na hiyo ndiyo tuliyoiloweka miezi miwili. Nimeumia sana, hasa kwa ajili ya mama.

Mchungwa Muheza

Pole dada. Hizo punje za mviringo nazifahamu, kwa maelezo yako hiyo ni mbolea ya CAN. Ndani yake mna chokaa, na chokaa haiyeyuki majini, ndiyo ukungu uliouona. Mimi haluli, yaani magnesiamu salfeti, naitumia kwenye michungwa. Majani ya zamani yakigeuka njano kati ya mishipa huku sehemu ya shina la jani ikibaki kijani kama kichwa cha mshale, mti unalia magnesiamu. Tunanunua mfuko wa kilo 25.

Sasa angalia dukani: mfuko umefunguliwa, kando yake CAN imefunguliwa, kando yake urea, na kopo la kupimia ni moja linazunguka mifuko yote. Mwenye duka hajakudanganya, yeye anauza chakula cha mmea na mchungwa hauoni tabu CAN ikiingia kidogo. Kosa ni kuitoa hapo na kuiingiza kwenye beseni la mtu.

Dukani Barabara ya 9

Nipo kwenye duka la dawa hapa Ngamiani, kwa hiyo mtasema navutia kwangu, lakini nisikilizeni.

Chumvi ni ileile moja kwa jina: magnesiamu salfeti yenye maji ndani ya fuwele zake. Nusu ya uzito wake ni hayo maji, na magnesiamu yenyewe ni kama asilimia 10 tu. Tofauti ni imetengenezwa kwa ajili ya nani na imepimwa nini. Ikiandikwa BP au USP maana yake imefuata kanuni za dawa za Uingereza au Marekani: usafi usiopungua asilimia 99, na kuna mipaka ya vitu kama kloridi na madini mazito. Ya kilimo haikupimwa kwa mipaka hiyo. Inaweza kuwa safi, inaweza isiwe, na wewe huna njia ya kujua.

Jaribio lako la glasi ni zuri, ila linakuonyesha uchafu unaoonekana tu. Risasi au aseniki ikiwemo, maji yatabaki maangavu vilevile. Kwa hiyo ukitaka kununua nyingi kwa bei nafuu, usinunue ya nailoni. Changeni watu watatu au wanne mnunue mfuko mkubwa wa daraja la dawa ambao haujafunguliwa, na mwombe muuzaji cheti cha uchambuzi. Namba ya toleo kwenye cheti lazima ilingane na iliyopo kwenye mfuko. Tafuta pia namba ya utambulisho wa kemikali (CAS) 10034-99-8, hiyo ni ya chumvi hii yenye maji yake. Harufu, rangi na mafuta ya mlavanda havikuongezei kitu, mwenye ngozi nyepesi vinamwasha.

Kuhusu usajili, dawa zipo chini ya TMDA, mamlaka ya dawa, na vipodozi na vyakula tangu 2019 vipo TBS, shirika la viwango. Pakiti inayodai kutibu ugonjwa halafu haina usajili wa dawa, irudishe kwenye rafu.

Na jambo moja siwezi kuliacha. Fuwele za zinki salfeti zinafanana na hizi kama mapacha, na shabu ikipondwa hali ni hiyohiyo. Chumvi isiyo na lebo usiiweke mdomoni hata siku moja.

Dada Fundi, nina swali: mama ana sukari? Figo zake zimewahi kupimwa?

Babu Chumbageni

Wanangu, sisi haluli tulikuwa tunainywa. Asubuhi na mapema, kijiko kwenye maji, mchana tumbo jepesi. Sikuona aliyekufa. Na miguu ikiuma tulikwenda maji ya moto ya salfa kule Amboni, ya Galanos, bila kulipia pakiti. Si salfa hiyohiyo?

Dukani Barabara ya 9

Shikamoo babu. Ya Galanos ni salfa, ndiyo maana yananuka yai viza. Hii ni salfeti, haina harufu. Majina ni ndugu lakini vitu ni viwili. Maji ya moto yenyewe yanalegeza misuli, hapo sikupingi.

Kuinywa ni kweli inaharisha, hata kwenye pakiti nyingine kipimo kimeandikwa. Ni kwa siku moja ya haja, babu, si kila wiki kusafisha mwili. Mtu mzima ambaye figo zimechoka, magnesiamu inamlundikia kwenye damu, na hiyo inaua.

Mtoto wa Nunge

Nawasalimu kutoka Bagamoyo. Kwetu mashamba ya chumvi ya Nunge yako jirani, kwa hiyo niwaambie hivyo vipande vya kloridi vinahusiana na nini. Maji ya bahari yakikaushwa juani chumvi ya kula hutangulia kuganda. Yanayobaki ni maji mazito machungu, ukiyagusa yanateleza kama mafuta. Humo ndimo magnesiamu kloridi ilimo kwa wingi. Vipande vya dukani vimesafishwa na kukaushwa, vina magnesiamu kama asilimia 12, yaani imezidi haluli kidogo tu. Yale yanayouzwa kwenye chupa kama mafuta ya magnesiamu hayana tone la mafuta, ni kloridi iliyoyeyushwa.

Mimi nilinunua kilo mbili. Nikafunga mdomo wa mfuko kwa kibanio cha nguo, nikauweka bafuni. Baada ya siku nne nikakuta kidimbwi sakafuni na mfuko umelegea kama una uji. Kitu hiki kinanyonya unyevu wa hewa, na pwani yetu mnaijua. Ukinunua, weka kwenye ndoo yenye mfuniko wa kukaza. Halafu kinawasha vibaya kwenye kisigino kilichopasuka. Nikarudi kwenye haluli, ambayo ikipata unyevu inashikana mabonge tu, unayaponda unaendelea.

Na tafadhali, asije mtu akachota yale maji machungu mwenyewe shambani. Yamekaa juu ya matope na hakuna aliyeyapima.

Fundi wa Makorora

Asanteni sana. Ndiyo, mama ana sukari, mwaka wa tisa huu. Vidole vya miguu anasema vimekufa ganzi. Figo sijui.

Nesi Zamu ya Usiku

Dada, mama aache kuloweka kuanzia leo. Si kwa sababu ya chumvi peke yake. Mguu wenye ganzi hausikii moto wa maji. Nimepokea mzee aliyeingiza miguu kwenye beseni, yeye anasema vuguvugu, mjukuu aliyemletea maji anasema yalikuwa yanatoa mvuke. Ngozi ya nyayo ilitoka kama soksi. Kuloweka kwa muda mrefu kunalainisha ngozi, inapasuka, na kidonda cha mwenye sukari mnajua kinakoishia. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu uliyoyapima wewe kwa kiwiko, mkaushe katikati ya vidole, kagua nyayo kila jioni. Na umpeleke akapimwe figo, kipimo cha damu cha kawaida tu.

Kuna watu wananiambia hospitali si mnawachoma wajawazito magnesiamu salfeti? Ndiyo, kwa kifafa cha mimba, na inaokoa maisha. Lakini ile ni dawa ya sindano, safi isiyo na vijidudu. Na kabla ya kila dozi inayofuata tunagonga goti tuone kama mguu unaruka, tunahesabu pumzi, tunapima kiasi cha mkojo. Goti likinyamaza, dozi haichomwi. Mjue basi kwamba ikizidi mwilini haina mzaha.

Kuhusu vidonge, vilivyojaa madukani ni vya magnesiamu oksidi. Kwenye lebo vinaonekana vina magnesiamu nyingi, lakini mwili unanyonya kidogo na tumbo linalegea. Sitreti inanyonywa vizuri zaidi, glaisineti ni mpole kwa tumbo. Soma kiasi cha magnesiamu yenyewe, si uzito wa kidonge. Marekani wameweka kikomo cha miligramu 350 kwa siku kutoka kwenye virutubisho. Kwa kukakamaa misuli kwa wazee, mapitio ya tafiti ya Cochrane ya 2020 hayakuona faida ya maana, kwa hiyo dada yako asikuahidi sana. Konzi moja ya korosho ina miligramu kama 75, na mchicha na maharage yapo.

Anayetumia ARV zenye dolutegraviri asimeze vidonge hivi wala dawa za kiungulia zenye magnesiamu kwa pamoja nazo. ARV itangulie kwa muda wa saa 2, au isubiri muda wa saa 6 baada ya vidonge hivyo. Antibiotiki za doksisaiklini na siprofloksasini pia zinanaswa na magnesiamu, uliza nafasi ya saa kabla hujachanganya.

Mchungwa Muheza

Sasa kama maji ya moto ndiyo yanafanya kazi kubwa, Fundi aloweke kwa chumvi ya nini?

Dukani Barabara ya 9

Swali zuri. Kwamba magnesiamu inapenya ngozi kwa kiasi cha maana, ushahidi ni mwembamba. Mimi namshauri apunguze badala ya kushuka daraja. Mara moja au mbili kwa wiki, robo kikombe, dakika 15, siku nyingine maji matupu ya vuguvugu. Pakiti ya BP itamfikisha mwezi na zaidi.

Fundi wa Makorora

Nimefanya hivyohivyo. Tumechanga watu watatu hapa mtaani na tumeagiza mfuko mmoja wa BP, cheti nimekiona na namba zimelingana. Mama ameenda kutoa damu leo asubuhi, majibu Alhamisi. Jana usiku nilimkagua nyayo kwa tochi, nikakuta mchubuko chini ya kidole kidogo ambao yeye hakuujua kabisa, nao nimeuonyesha kliniki.

Ile ya nailoni imebaki kama kilo moja na nusu. Mchungwa, mlimao wangu wa uani una majani ya njano kama ulivyoeleza. Nimwagie kiasi gani?

Mchungwa Muheza

Yenye CAN usinyunyize kwenye majani, itayaunguza. Yeyusha gramu 20 kwa lita moja, mwagia kuzunguka shina, mbali nalo kidogo, jioni jua likishapoa. Na hiyo nailoni iandike MBOLEA kwa kalamu nene leo hii, uitoe jikoni.