Fundi kanibadilishia mashine ya kupandisha kioo cha gari iliyokuwa nzima, kumbe tatizo ni mpira!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimepigwa, tena mchana kweupe.

Nina Toyota IST, nakaa Goba ndani ndani huko ambako vumbi lake mnalijua. Tangu mwezi wa kwanza kioo cha dereva kikawa kinapanda kwa kujivuta. Kinafika robo tatu, kinalia ng'iii, kinasimama, halafu kinashuka chenyewe. Asubuhi afadhali. Mchana gari likitoka juani ndiyo kabisa, mpira wa njia anayopita kioo unanata kama ubani uliotafunwa. Nikawa nakisaidia kwa viganja, kimoja ndani kimoja nje, foleni nzima ya Mbezi inanitazama.

Nikaenda gereji bubu moja, jina silitaji. Fundi hata kioo hakukigusa. Kabonyeza swichi mara mbili, kainamisha kichwa kama daktari, kasema, "Bosi, mashine imekufa."

Sasa iliyokufa inaliaje? Na mimi bwege nikakubali. Mashine "used ya Japani" 95,000, ufundi 25,000. Baada ya hela kuondoka ndiyo nikaanza kusoma na kuuliza. Ukibonyeza swichi pakawa kimya kabisa, hapo tafuta fyuzi, swichi yenyewe, waya uliokatika pale bawabani mlango unapokunjia, au kweli mota. Lakini ukibonyeza ikaguna na taa za dashibodi zikafifia kidogo, mota inafanya kazi yake, kuna kitu kinakishika kioo. Na kule kushuka chenyewe si ugonjwa. Ni ulinzi wa vidole vya watoto: kioo kikipanda kikakutana na kizuizi kinadhani kimebana mkono, kinarudi. Changu kilikuwa kinabanwa na mpira wake chenyewe.

Wiki mbili, ng'iii ikarudi. Nikamrudia. Safari hii eti mpira unataka kulainishwa. Akachovya brashi kwenye kopo la oili chafu, ILE ILIYOMWAGWA KWENYE INJINI YA MTU, akapaka njia yote ya mpira juu hadi chini. Nimesimama pale pale na shati jeupe.

Siku tatu kioo kikateleza kama sabuni, nikamsifia mpaka nyumbani. Siku ya nne vumbi la Goba na oili vikawa uji mweusi. Kioo kina michirizi, kiwiko cha shati hakitakati tena, na mpira pale kona ya juu ukaanza kuvimba. Mpira ukinywa oili ya injini unavimba na kulegea, njia inazidi kuwa nyembamba. Yaani dawa ndiyo iliyoongeza ugonjwa!

Bado. Mvua zilipoanza nikakuta zulia upande wa dereva limeloa na linanuka kama gunia la dagaa. Nikafungua kava la mlango mwenyewe. Pini za plastiki zimebaki tatu, nyingine zote zimevunjwa kwa bisibisi. Ile nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi nyuma ya kava, inayozuia maji ya mvua yasiingie ndani, haipo. Kaing'oa kafuta nayo mikono, sijui. Nilipoiulizia ile mashine yangu ya zamani akasema imeshatupwa. Wakuu, Dar hii nani anatupa chuma? Mashine yangu nzima iko kwenye mlango wa mtu mwingine sasa hivi, naye kauziwa "used ya Japani".

Aliyeniokoa ni mzee jirani yangu, dereva mstaafu. Tulishusha kioo chote, tukazungushia kitambaa kwenye rula, tukachovya maji ya sabuni na kuipitisha ndani ya njia ya mpira, juu na pande zote mbili. Kilichotoka ni tope, mchanga, na kipande cha tinti kilichobanduka kikajiviringa kama sigara pale chini. Kitambaa tulibadilisha mara tano mpaka kikatoka cheupe. Tukaacha ikauke, tukapuliza silikoni ya kopo kwenye njia yote, tukapandisha na kushusha kioo mara kadhaa ienee. Silikoni haiuli mpira na haigandishi vumbi kama grisi. Kopo 12,000, na bado limejaa zaidi ya nusu.

Kioo kinapanda. Kinasita kidogo tu pale kona iliyovimba, na hapo ndipo nahitaji msaada wenu: nani anajua duka Kariakoo au Ilala linalouza mpira wa njia ya kioo wa IST wenyewe, uliotolewa kwenye gari? Sitaki ule wa kukata kwa mita, nimeuona, ni mnene na kona zake zinakunjika. Na pini za kava pia, zile za saizi yake, nisiambiwe nigongee skrubu.

Jana jioni fundi kanipigia simu. Nikadhani anaomba radhi. "Bosi, nimekupatia mashine nyingine safi sana, ya mlango wa abiria."

Mlango wa abiria hauna tatizo lolote.