Mrejesho: Tulivyomuaga mzee wetu wa sinagogi

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi uliopita niliwauliza: tumuageje mzee anayetunza jengo la sinagogi ninakofanya kazi hapa Chicago, anastaafu baada ya miaka 27? Wengi mlisema keki na bahasha siku ya ibada. Asanteni sana, ila Jumamosi haikuwezekana, Wayahudi wanaoishika Sabato hawagusi pesa siku hiyo. Siku hiyo rabi alimwombea baraka mbele ya Torati, bahasha ikangoja Jumapili.

Ndani mlikuwa na dola 1,800, yaani 18 mara 100. Kwa Kiebrania kila herufi ni namba pia: neno lao la "hai", linalotamkwa "khai", lina herufi mbili, moja ni 8 na nyingine 10, jumla 18. Nimelipenda mno hilo, zawadi yenye dua ndani yake.

Kisha watoto wakamwomba aifute vumbi kwa mara ya mwisho ile taa isiyozimwa, juu ya sanduku la Torati. Akapanda ngazi polepole, akaifuta kwa leso yake mwenyewe. Aliposhuka, wazee wakamwambia, "Mpaka miaka 120!", umri wa Musa. Mkewe akaitikia "Amina" huku akilia. Nami nililia.