Tupeane uzoefu: kituko cha safari ya familia ambacho mpaka leo mnakicheka na kushukuru

Mwanakihamba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za Jumapili. Nipo Sakina hapa Arusha, mvua inanyesha tangu alfajiri, baba yangu kajilaza kwenye kochi na blanketi lake. Nimeona nilete hili jambo hapa likiwa bado la moto.

Baba ana miaka 78. Kwake ni Mamba, jirani na Marangu. Tangu mama atangulie mwaka juzi, alikuwa hatoki kihambani (shamba lake la nyumbani) ila kwenda kanisani na dukani. Tumembembeleza sana aje Arusha abadilishe hewa, jibu ni lilelile: "Ng'ombe nimwachie nani?" Wiki iliyopita kakubali. Sikusubiri abadili mawazo, nikamfuata mwenyewe.

Alivyokubali tu, akakata mkungu wa mshare. Mkubwa, ule unaobebwa na mtu na nusu. Nikamwambia baba, ndizi Arusha zipo, soko la Kilombero zimejaa tele. Akaniangalia tu, nikanyamaza. Mzee wa Kichagga kwenda kwa mtoto wake mikono mitupu haiwezekani.

Stendi ya Moshi tukapanda kosta. Konda kauona mkungu: "Mzee, huu unalipiwa." Kiasi gani? Konda akataja nauli ya mtu mzima. Abiria wakaanza kuguna, mimi nishaingiza mkono mfukoni niyamalize. Baba akanizuia. Akatoa bahasha yake ya kaki anayoifunga kwa mpira, akahesabu noti polepole, akalipa za watu wawili. Halafu akasema kwa upole kabisa:

"Haya, mwonyeshe siti yake."

Kosta nzima ikaangua kicheko. Konda mwenyewe kainamia mlango, anapiga bati kwa kiganja. Baba wala hakucheka. Akauegesha mkungu siti ya dirishani, akavuta mkanda, akaupitisha katikati ya chana ya tatu na ya nne, akafunga mpaka ukalia. Akavua kofia yake akaufunika juu ili jua lisiuchome. Mbele kidogo tukasimamishwa, trafiki akaingia kukagua mikanda. Kaja siti moja moja, kafika kwetu, kasimama. Akautazama mkungu, akamtazama baba, akawageukia abiria: "Mnamwona mwenzenu alivyofunga?" Akashuka.

Boma Ng'ombe akapanda mama mmoja na mtoto mgongoni. Siti hakuna. Baba hata hakuulizwa. Akafungua mkanda, akaupakata mkungu mapajani, mzito vile, akamwambia yule mama, "Kaa mwanangu, hii imeshalipiwa." Kutoka hapo mpaka Usa River mkungu ulikuwa mapajani mwa mzee wa miaka 78, kila tukipita tuta anaukumbatia. Yule mama aliposhuka, baba akatoa kisu chake kidogo akamkatia chana. Konda naye akapewa yake. Konda akataka kurudisha ile nauli ya mkungu, baba akakataa: "Si amesafiri? Basi amelipa."

Usiku ule nilikuwa jikoni namenya hizo ndizi za mtori, utomvu umenijaa vidoleni, nikamsikia sebuleni anamsimulia mjukuu wake. Akacheka. Kile kicheko chake cha zamani kinachoishia kwa kukohoa. Sikuwa nimekisikia tangu tumzike mama. Nikaweka kisu chini, nikasimama tu pale jikoni.

Basi tupeane wakuu. Leteni zenu.

Binti wa Tengeru

Mwanakihamba umeniliza na kunichekesha kwa pamoja. Mpe mzee shikamoo yangu.

Yangu ni ya bibi na Chemka. Kwa wasiopajua, Chemka ni zile chemchemi za maji moto, unaingilia Boma Ng'ombe kisha unashuka vumbi mpaka unakuta kijani kimejificha katikati ya ukame. Tulikuwa familia nzima, watu kumi na mmoja kwenye Noah moja (msiniulize tulikaaje). Bibi akapanda na kindoo chake chenye mfuniko. Njia nzima kakishika, ukitaka kumpokea hataki. Vumbi, mashimo, yeye na kindoo.

Tumefika, watu washaruka majini, bibi kakaa kwenye mzizi wa mti anafungua kindoo. Mayai. Mayai mabichi thelathini, kayafungia kwenye majani ya mgomba moja moja, na chumvi kwenye kikaratasi. Mtu kamwambia tunakwenda Chemka kwenye maji moto, naye kajua maji yanachemka kweli. Akaingiza mkono majini, akautoa, akaniuliza kwa masikitiko, "Sasa haya yamechemka lini?" Maji yenyewe ni ya uvuguvugu tu, ya kuogea mtoto!

Tulicheka mpaka mjomba akateleza akaingia majini na viatu. Lakini sikieni. Yale mayai hayakuvunjika hata moja kwenye barabara ile. Wale wakaanga chipsi wa palepale walimpisha jiko, bibi akachemsha mayai yote, akagawa kwa kila aliyekuwepo, mpaka wazungu wawili waliokuwa wanajipiga picha kwenye kamba ya kurukia. Na miguu akaitia majini hatimaye, vile visamaki vikaja kumdonoa vidole, akawa anavisemesha Kimeru. Bibi yupo, ana miaka 86. Kindoo hakitumiki kwa kazi nyingine, kimewekwa.

Konda Mstaafu

Nimepiga debe na kukonda Arusha na Moshi miaka kumi na moja. Kilomita themanini hizo nimeona kila aina ya mzigo: jogoo anayewika ndani ya kapu, godoro, sinia la keki ya harusi, hata mbuzi aliyevalishwa sweta. Huyo mwenzangu kukubali kurudisha nauli, ni kijana mwema.

Kuna bibi alikuwa anapandia Kwa Sadala siku za soko. Kabla gari haijatoka anasimama, anaombea dereva, konda na matairi yote manne kwa sauti, abiria wanaitikia amina. Siku asipoonekana dereva anauliza, "Yule mama wa matairi yuko wapi?" Nilikuwa kijana mkorofi sana enzi hizo. Yule bibi ndiye aliyenifundisha kusema asante kwa abiria anayeshuka.

Abiria wa Krismasi

Hii ni enzi za Ubungo, kabla stendi ya mikoa ya Dar haijahamia Mbezi. Desemba 23. Mnaijua Desemba ya watu wa Kilimanjaro, tiketi inatafutwa kama dawa. Baba, mama na sisi wanne, mimi mkubwa nina miaka kumi na tatu.

Korogwe basi likasimama, chakula dakika ishirini. Baba akaenda foleni ya chipsi kuku. Mama ana mtoto mchanga, kasinzia. Basi likaondoka. Tumefika kama Mombo hivi ndipo mdogo wangu wa miaka mitano akasema, kwa utulivu, huku anakula chungwa: "Baba bado yuko foleni."

Mama aliruka! Simu ya baba iko kwenye pochi ya mama. Konda kapiga huku na huku, dereva anasema hawezi kurudi, ratiba. Mama analia, mtoto analia, abiria kila mmoja ana ushauri. Mzee mmoja akasema mwanaume hapotei, tulieni. Tukaendelea. Hedaru tukasimama kuchimba dawa, tukakaa kidogo kwa kuwa abiria mmoja alikwenda mbali na vichaka. Tukaondoka tena, Same, Mwanga.

Tunaingia Himo, nani kasimama pale njiapanda chini ya mti na mfuko mweupe? Baba. Alipata lifti ya basi jingine, likatupita wakati sisi tunachimba dawa. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa anatusubiri sisi. Akapanda, basi zima likapiga makofi. Mama akampiga ngumi za bega huku anamkumbatia. Na ule mfuko, wakuu, una chipsi kuku sita. Zimepoa kabisa, hakugusa hata kipande. Kasafiri kutoka Korogwe mpaka Himo na njaa yake ameshika chakula cha watoto.

Nina watoto watatu sasa. Sijawahi kula chipsi kuku iliyopoa bila kumkumbuka.

Mama Mapacha

Yangu fupi. Treni ya Moshi iliporudi mwishoni mwa 2019, tulipanda Dar na pacha wangu, wazaliwa wa Temeke, wakiwa na miaka sita. Asubuhi wingu likafunguka, Kibo huyo kasimama mzima. Mmoja akauliza nani kaumwagia unga. Mwenzake akamjibu kwa uhakika wote: "Si unga. Bibi alisema kwao kuna baridi, mlima umejifunika shuka." Behewa zima likageuka kutazama upya, na watu wazima wakaanza kutoa simu.

Mtoto wa Muheza

Mimi ni Mbondei, nimeolewa Marangu mwaka 2009. Safari ya kwanza kupelekwa ukweni, nimefundwa: ukiitwa, itika haraka, usikae kae ndani, shika ufagio.

Pale nyumbani kulikuwa na bibi mzaa baba mkwe, mkongwe, Kiswahili chake cha kuokoteza. Siku ya kwanza nikampelekea maji ya kunawa. Akasema, "Aika." Nikaweka bakuli chini, nikapiga goti: "Abee bibi." Akanitazama. Nikangoja. Hakusema kitu, nikaondoka. Nikaleta chai. "Aika mae." Nikarudi mbio kutoka mlangoni: "Abee bibi!" Akatazama kikombe, akanitazama mimi. Nikaleta kiti, "Aika." Abee! Nikamfunika kanga, "Aika." Abee!

Nikajiambia kumbe huku bibi harusi anapewa jina, langu ni Aika, zuri. Siku tatu, wapendwa. Siku tatu nzima bibi akishukuru mimi narudi mbio na kupiga goti. Siku ya nne akamwita wifi, wakaongea Kichagga, wifi akaketi chini kwa kicheko. Bibi alikuwa anauliza: "Huyu mtoto ana shida gani? Nikimshukuru tu anarudi, au anataka nimwongezee?"

Wifi akanieleza aika ni asante. Nilitamani ardhi inimeze. Bibi alipoelezwa na yeye alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Kisha akaninyooshea mikono yake miwili, ile ngozi laini ya wazee, akanishika mashavu, akaita taratibu: "Aika." Nikasema, "Abee."

Hivyo ndivyo alivyoniita mpaka alipofariki mwaka 2015. Ukoo mzima bado wananiita hivyo. Mpaka sasa nikiingia pale getini kwenye masale (ile mimea ya uzio ya Wachagga) nikasikia mtu anaita Aika, sijui kama naitwa au nashukuriwa, naitika tu.

Mwanakihamba

Mtoto wa Muheza, nimemsomea baba hii. Kaniambia niandike: aika mae.

Njia Panda

Nimesita kuandika, kwa kuwa yangu ni ya msiba. Tulikuwa tunampeleka shangazi kuzikwa Kilema, tumetoka naye Arusha. Magari matano, sisi tuko Noah ya mwisho. Himo kuna foleni, tukaachwa. Dereva akaona Noah nyeupe mbele, akasema ile pale ya mjomba. Noah nyeupe Kilimanjaro! Tukaifuata inapanda, inakata kona, tunakata kona. Ikaingia kwenye kihamba kina maturubai, tukaingia nyuma yake, tukashuka tunalia kwa sauti.

Matarumbeta yakanyamaza. Tumeingia harusini.

Nakumbuka nimesimama na kitenge cha msiba kiunoni, mbele yangu bibi harusi na shela lake. Hakuna aliyetufukuza. Mzee mwenye shughuli akaja, akauliza nani kafariki. Tukamtaja shangazi. Akasema anamfahamu, aliwahi kununua kahawa kwake. Akawageukia wageni wake, akaomba wasimame. Harusi nzima ikasimama, bwana na bibi harusi pia, wakaimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani. Yule mzee akatupa kijana wa bodaboda atuongoze, na mama mmoja akapitisha kreti la soda dirishani: "Mkawape watoto."

Tulipokaa tena kwenye gari, mdogo wangu akasema, "Shangazi angependa hii keki tuliyoikosa." Tukaanza kucheka, tunalia na kucheka, mpaka kaburini macho yetu mekundu hakuna aliyejua ni ya nini. Shangazi mwenyewe alikuwa mtu wa kucheka.

Desemba iliyofuata tulirudi kwa yule mzee na mbuzi. Wale maharusi wana mtoto sasa, tumealikwa kipaimara chake.

Mwanakihamba

Njia Panda, asante kwa kutosita. Nimesoma yote kwa sauti hapa sebuleni, baba kaamka, kajikunyata na blanketi anasikiliza. Kwenye chipsi kuku kaniambia nirudie.

Jumamosi namrudisha, ng'ombe wanamwita. Jana kaniburuta Kilombero, kanunua debe la maharage na sufuria kubwa la kumpelekea jirani aliyebaki na ng'ombe. Sasa hivi ameniuliza kama kosta za asubuhi mtu anaweza kupata siti mbili za pamoja.