Majukwaa yetu yamezidi: tupunguze, tuweke lebo au tuhamie kwenye magrupu? Wapenzi wa darubini njooni

MweziMpevu:
Wakuu habari za muda huu. Nimepewa kazi ya kupanga upya majukwaa yetu ya kutazama anga, nimekaa nayo wiki mbili kichwa kinauma kwaiyo naileta hapa tusaidiane. Majukwaa ni 31 na zaidi ya nusu hamna uzi mpya tangu mwaka jana. Kuna jukwaa zima la Zuhura kupita mbele ya Jua, lilifunguliwa kwa tukio la Juni 2012, na tukio linalofuata ni Desemba 2117, sijui nani anasubiri pale mlangoni. Kuna lingine la Mshtarii na Zohali kukutana Desemba 2020, hao nao mpaka 2040. Darubini peke yake zina majukwaa manne, za vioo, za lenzi, za mchanganyiko na Nyinginezo, na huko Nyinginezo ndo watu wamejazana.

Njia naziona tatu. Kwanza tuunganishe tubaki na majukwaa sita au saba. Pili tufute mgawanyo wote liwe jukwaa moja, kila uzi unabandikwa lebo (Mwezi, sayari, kamera na kadhalika). Tatu, hii vijana wananisukumia kila siku, tuachane na haya mambo tuhamie Telegram au Discord. Mie naelemea ya kwanza ila nishawishini.

Kimulimuli:
Siti ya mbele. Halafu mbona uzi wenyewe umeuweka Darubini Nyinginezo?

MweziMpevu:
Nimezunguka dakika kumi sijaona pa kuuweka.

FundiVioo:
Ya tatu naikataa asubuhi na mapema. Grupu ni tamu siku ile ile tu, ukirudi baada ya wiki kutafuta yule jamaa aliyeeleza namna ya kunyoosha vioo vya darubini unakuta kafukiwa chini ya jumbe elfu za "umeamkaje". Najua Telegram tangu 2022 wameweka mada ndani ya grupu, na Discord nao mwaka huo huo wakaleta chaneli za mtindo wa forum, lakini mtu wa nje akigugo shida yake hakuti jibu lenu kwa sababu limefungiwa ndani. Alafu nyumba sio yako. Waliokuwa Yahoo Groups wanajua, 2019 walitangaziwa kwamba jumbe na mafaili yao ya miaka yote yanafutwa, Desemba 2020 kitu kikazimwa kabisa, na ambaye hakuwahi kudownload imekula kwake.

PeteZaZohali:
FundiVioo usiwe mkali mkuu, grupu lina kazi yake. Ile nyotamkia NEOWISE ya Julai 2020, we ungeanzisha uzi usubiri majibu kesho wakati kitu kipo angani SASA HIVI na mawingu yanakuja? Mambo ya usiku wa leo yaende kwenye grupu, yanayotakiwa kubaki yabaki huku. Sioni kwanini lazima kimoja kimuue mwenzie.

MweziMpevu:
Hiyo naichukua. Ila basi awepo mtu wa kuokota majibu mazuri huko na kuyaleta huku, maana hayatatembea yenyewe.

LeboKwanza:
Mie natetea ya pili. Nimepiga picha ya Mirihi kwa simu niliyoishika kwenye lenzi ya darubini ya kioo. Hiyo ni ya jukwaa la sayari, la picha au la darubini za vioo? Kwenye majukwaa lazima nichague moja na lolote nitakalochagua atatokea mtu aniambie nimekosea, kwenye lebo nabandika zote tatu nalala zangu.

FundiVioo:
Kwa karatasi safi. Sasa mwambie kila mtu aandike lebo anavyotaka uone, utapata "Zohali", "zohal", "saturn", "Saturni" na mwingine ameacha wazi. Lebo ziwe za kuchagua kwenye orodha iliyofungwa na mods (wasimamizi) ndo wanaoongeza, vinginevyo ni fujo ile ile imebadilisha nguo.

BabuLenzi:
Wajukuu, ugomvi huu ni wa zamani kuliko baadhi yenu. Usenet, ule mtandao wa majadiliano wa zamani, mwaka 1987 walipanga upya magrupu yao yote wakayaweka chini ya matawi saba: comp, misc, news, rec, sci, soc na talk. Sisi wa nyota tukaangukia sci, yaani sayansi. Watu waligombana kweli kweli kuhusu nani akae wapi, na wasioridhika mwaka huo huo wakaanzisha tawi lao la alt ambalo halikuomba ruhusa ya mtu, likaja kuwa kubwa balaa. Kwaiyo MweziMpevu panga upendavyo, lakini acha mlango mmoja wa kupigia porojo, usipouacha watautoboa wenyewe.

mgeni_wa_anga:
Samahanini mie mgeni nina wiki tatu tu. Sijui hata darubini yangu ni ya aina gani, nimeambiwa mara mbili "umeposti jukwaa sio" nikaona bora ninyamaze. Mtu kama mimi nikiingia sitafuti kifaa natafuta shida yangu, kwamba nimeelekeza kwenye Mwezi naona weupe tu, sasa hiyo naiweka wapi?

MweziMpevu:
Aisee umenifumbua macho. Muda wote nagawa kwa vifaa kumbe watu wanakuja na maswali. Basi iwe hivi: Ninunue Nini, Inanisumbua, Nimeona Nini, Picha, Gulio, Porojo. Aina ya darubini inashuka kuwa lebo.

PeteZaZohali:
Na Wanaoanza je?

FundiVioo:
Usiweke. Wazoefu hawaingii humo, mnabaki wageni mnajibizana wenyewe kwa wenyewe.

Kimulimuli:
Lakini ule uzi wa tahadhari ya Jua umebandikwa humo humo Wanaoanza, mkilifuta unaenda wapi?

mgeni_wa_anga:
Tahadhari gani? Jumamosi nilikuwa na mpango wa kuangalia Jua.

FundiVioo:
USITHUBUTU. Bila kichujio maalum cha Jua kinachofunika mdomo wa mbele wa darubini unapofuka, tena hausikii hata maumivu. Na ile darubini ndogo ya kulengea iliyopanda juu iwekee kifuniko kabisa. Vile vichujio vidogo vya kufunga kwenye lenzi ya jicho tupa, joto linavipasua.

MweziMpevu:
Uzi wa Jua unapanda juu ya kila jukwaa, hilo halina mjadala. Kuhusu nyuzi za zamani hakuna kinachofutwa, zinahamishwa na linki za zamani tunazielekeza kwenye anuani mpya kwa 301 (ishara ya kuambia kivinjari kwamba ukurasa umehama moja kwa moja), maana nusu ya majibu yetu ni "soma hapa" na hapo pakifa tumekwisha. Majukwaa matupu nayafuta mwisho wa mwezi.

BabuLenzi:
La Zuhura usiliguse. Picha zangu za 2012 zimo mle, na hao wa 2117 watazihitaji.

MweziMpevu:
Sawa babu. Nalifunga tu lisipokee uzi mpya, picha zinabaki.