Kadi ya manjano: Nakuru, Kisumu au ningoje Nairobi?

MtuWaLanet: Hamjambo wenzangu. Tarehe 24 nampeleka mama Chennai, ana matibabu ya moyo. Leo ni tarehe 8 na wakala wa tiketi ndiyo kwanza ananiuliza kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano! Nichanjwe hospitali ya kibinafsi hapa Nakuru, niteremke Kisumu kwa dada yangu, au tuchanjwe wote Nairobi siku ya kupanda ndege? Mama ana miaka 68.

Nyalenda_Kwetu: Ya Nairobi ifute. Kadi huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Ukidungwa leo ukasafiri kesho, India watakuhesabu hujachanjwa, na wanaweza kukuweka karantini hadi siku 6. Na mgonjwa wa moyo je?

MtuWaLanet: Lo! Mimi nilidhani shida ni muhuri tu.

KasimuWaKibuye: Mimi nilichanjwa Kisumu, kituo cha serikali. Bei ilikuwa nafuu kuliko kwa watu binafsi, lakini nilienda mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa nirudi Alhamisi, watu hawajatosha. Nilitoka nimenuna.

SistaMstaafu: Usiwanunie, mwanangu. Chupa nyingi za chanjo hii huwa na dozi 10, na ikishachanganywa haivuki saa 6. Kumfungulia mtu mmoja ni kumwaga tisa. Piga simu kabla ya kupanda matatu, iwe Kisumu au Nakuru.

Lakini MtuWaLanet, mimi nina wasiwasi na mama. Chanjo hii ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Aliyepita miaka 60 akichanjwa mara ya kwanza, madhara makali ni nadra ila hatari yake ni kubwa kuliko kwa kijana. Aanze kwa daktari wake. Akiona haifai, ataandika msamaha wa kitabibu, nawe uulize ubalozi wa India mapema kama wataupokea. Wewe siku yako ya mwisho ni tarehe 14.

Bondeni_Express: Mnamtesa bure. Town kuna jamaa anauza kadi imeshagongwa muhuri, dakika tano umeondoka.

SistaMstaafu: Na mbu utamwonyesha muhuri? Mwaka 1992 homa hii ililipuka Bonde la Kerio, hapo jirani yenu. 2022 ikaibuka Isiolo.

Nyalenda_Kwetu: Achana na Bondeni. Mama hajawahi kusafiri? Tangu Julai 2016 kadi ni ya maisha, hata zile za zamani zilizoandikwa miaka 10. Jina tu lifanane na la pasipoti.

MtuWaLanet: Ngoja kwanza. 2011 alienda Lagos na akina mama wa kanisa.

MtuWaLanet: Nimeipata! Ilikuwa ndani ya Biblia, imekunjwa mara nne. Muhuri unasomeka, jina ni lilelile. Mwenyewe ananicheka, eti nilikuwa naulizia wapi kitu kilicho kabatini.

KasimuWaKibuye: Sasa umebaki wewe.

MtuWaLanet: Nimebaki mimi. Nimepiga simu Kisumu, wanachanja tarehe 15. Hapa Nakuru ni kesho asubuhi, bei inauma, lakini naenda. Dada atanisamehe.

SistaMstaafu: Una mzio wa mayai? Waambie kabla ya sindano.