Tumeshuka Salama

Rehema: Shikamooni wote. Tumeshuka salama, wote wanne, tupo kwa Shangazi. Simu zilikata chaji, ndiyo maana mlikuwa hamtupati.

Mama: Marahaba wanangu. Alhamdulillah! Tangu saa nane napiga, hampatikani. Bibi yenu amekataa hata kula.

Shangazi: Wamelala chali sebuleni, nguo zinachuruzika uani. Nimewabandikia chai ya tangawizi.

Mjomba: Mlikwenda wapi na masika hii?

Rehema: Kilele cha Bondwa, Mjomba, milima ya Uluguru hapa Morogoro. Asubuhi kulikuwa kweupe kabisa. Tulipofika Morningside, pale penye jengo la Wajerumani, ukungu ukatufunika. Mji hatuuoni tena. Hassan yuko hatua kumi mbele yangu, namsikia anakohoa, simwoni.

Mjomba: Uluguru ndivyo ulivyo. Upepo wenye maji unatoka Bahari ya Hindi, ukiukuta mlima unapanda, unapoa, unamwaga. Maji hayo ndiyo Mto Ruvu, ndiyo mnayokinga bombani Dar. Mji uko mita 500 na kitu, Bondwa ni zaidi ya 2,000. Mngeniuliza kwanza.

Rehema: Ni kweli Mjomba, utusamehe. Tulikosea.

Hassan: Juu ya mashamba njia ni tope tupu, na utelezi ndio usiseme. Nilianguka mara nne. Kiatu cha kulia soli ikabanduka yote. Mapaja yanatetemeka mpaka sasa, hata kuchuchumaa siwezi.

Mama: Pole baba. Minara ya kileleni mliifikia?

Hassan: Hatukufika. Tulikutana na mama mmoja anashuka, tenga la kabichi kichwani, ngata ya kanga, miguu mitupu. Akatua mzigo kwenye mvua ileile, akachana kamba ya mgomba, akaifunga soli yangu mizunguko mitatu. Akasema, "Rudini wanangu. Juu hamtaona kitu, na korongo linajaa."

Rehema: Tukamfuata. Pale korongoni asubuhi tuliruka mawe, jioni maji yalifika magotini. Alitushika mkono mmoja mmoja, tenga kichwani. Bila yeye sijui. Hela alikataa.

Shangazi: Mungu ambariki mama huyo.

Mama: Bibi amesikia yote, nilikuwa namsomea. Anauliza, ni wa ukoo gani?

Rehema: Hatukumuuliza, Bibi. Inaniuma.

Mama: Anauliza tena, alikuwa anakanyagaje?

Rehema: Kwa vidole. Anachimba kidole gumba kwenye tope kwanza, ndipo anaweka kisigino.

Mama: Bibi kanyamaza kidogo. Anasema ndivyo mama yake alivyomfundisha. Walitoka jogoo la kwanza na matenga ya njegere, wakateremka gizani, jua likichomoza wako sokoni mjini. Kisha wanapanda tena na chumvi na mafuta ya taa. Mara mbili kwa wiki, masika na kiangazi.

Hassan: Mara mbili kwa wiki! Mimi siku moja tu, bila mzigo.

Rehema: Bibi, hukuwahi kutuambia.

Mama: Anasema hamkuwahi kuuliza njia. Mloweke miguu kwenye maji ya moto na chumvi, msilale na nguo mbichi.

Rehema: Mwambie Julai tunarudi, kiangazi. Tunataka kupita njia yake.

Mama: Anasema na yeye atakuja. Pale gari litakapokomea atashuka, awaonyeshe kwa mkono.