Naomba ushauri: mtoto akizidiwa usiku, simu kwanza au hospitali?

Habari zenu wakuu. Niko Moshi. Juzi saa nane usiku mwanangu wa miaka miwili alichemka mwili, anahema harakaharaka. Nikapiga namba moja ya ushauri wa daktari (sitaitaja). Aliyepokea hata umri hakuuliza. Akasema mpe parasetamo, asubuhi umpeleke kliniki. Roho ikakataa, nikaita bajaji.

Kitengo cha dharura kimefurika: wenye mafua tu, majeruhi wa bodaboda wamebanwa nao benchi moja. Nesi akamhesabia pumzi, 52 kwa dakika. Kwa umri wake 40 tu tayari ni haraka. Nimonia!

Shemeji yangu aliyeko Uingereza anasema kwao unapiga 111 (simu ya ushauri wa afya) kwanza, 999 (ya dharura) mtu akiwa mahututi, ingawa naye hulalamika kwamba 111 mara nyingine humwambia nenda tu hospitali. Hapa naijua 199 ya Wizara ya Afya. Mliowahi kuipiga usiku, wanauliza maswali ya maana? Na wauguzi, dalili zipi nikiziona nisishike simu kabisa? Mama mkwe bado anasema nilikurupuka.